CHAKULA NA AKILI YA MTU ANAYEACHA POMBE

Wazee walisema, "Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza." Aghalabu maneno haya husemwa kwa mzaha, mtu anaposinzia baada ya kula. Lakini kwa habari ya mtu aliyezoea kunywa pombe kila siku, sehemu ya pili ya methali hii si mzaha hata kidogo. Mtu huyo ana njaa, na njaa yake ni ya namna ya peke yake, maana aweza kuwa nayo hali tumbo limejaa, wala mwenyewe asijue. Humwanzia miguuni na machoni, na mwisho humfikia katika kumbukumbu zake.

Katika makala hii twataka kueleza jinsi pombe inavyouondolea mwili chakula, dalili ambazo jamaa wa mnywaji wapaswa kuziangalia, na namna ya kumlisha mtu aliyeazimu kuacha kunywa. Jambo kubwa tunalotaka kila msomaji alishike ni hili: akili inayoanza kuharibika kwa sababu ya pombe na kukosa chakula bora, mara nyingi huokolewa ikitibiwa upesi. Ikicheleweshwa, yaweza kupotea moja kwa moja.

UBONGO NI MLAJI MKUBWA

Ubongo wa mtu mzima ni mdogo. Ukipimwa katika mizani hauzidi sana sehemu 2 katika kila sehemu 100 za uzito wa mwili. Walakini mwili ukiwa umepumzika, ubongo hutumia karibu sehemu 20 katika kila 100 za nguvu zote zinazotumika. Nao hauna ghala ya kuweka akiba kubwa. Hula kila saa, usiku na mchana, hata mtu akiwa amelala.

Chakula kikubwa cha ubongo ni sukari ambayo mwili huipata katika ugali, viazi, ndizi, wali na vyakula vingine vya namna hiyo. Sukari hiyo ni mfano wa kuni. Lakini kila mama ajua kwamba rundo la kuni halipiki chakula kama hakuna moto wa kuziwasha. Moja katika vitu vinavyowasha kuni hizo mwilini ni vitamini B1, ambayo madaktari huiita pia thiamini. Ikikosekana, sukari huwamo katika damu lakini ubongo hauwezi kuitumia kama ipasavyo, na sehemu zake zinazofanya kazi nyingi huanza kudhoofika.

Kiasi cha vitamini hii kinachohitajiwa ni kidogo mno. Mwanamume mzima huhitaji miligramu 1.2 hivi kwa siku, na mwanamke miligramu 1.1, kiasi cha punje chache za chumvi. Lakini mwili hauwezi kuitengeneza, na akiba yote unayoweza kuiweka ni miligramu 30 tu au karibu na hapo. Mtu asipoongeza kitu katika akiba hiyo, huisha kwa majuma mawili au matatu.

JINSI POMBE INAVYOIBA

Mwizi akiingia nyumbani kwa mlango mmoja, mwenye nyumba aweza kumzuia. Pombe huingia kwa milango minne.

Mlango wa kwanza ni hamu ya kula. Gramu moja ya kileo huupa mwili kalori 7, na gramu moja ya wanga au sukari huupa kalori 4. Kwa hiyo mnywaji hujisikia ameshiba, lakini shibe hiyo haina vitamini wala protini ndani yake. Tena fedha ambazo zingenunua maharagwe zimekwisha kutumika.

Mlango wa pili ni matumbo. Pombe huyadhoofisha hata yasiweze kunyonya vitamini B1 kutoka katika chakula kidogo ambacho mtu amekula. Mlango wa tatu ni ini, ambalo ni moja katika maghala ya vitamini hiyo. Ini lililochoshwa na pombe haliwezi tena kuweka akiba. Mlango wa nne ni kutapika na kuharisha, mambo ambayo wanywaji wanayajua sana.

Watu wengine husema, "Pombe ni chakula. Babu zetu walikunywa busaa na walikuwa na nguvu." Neno hili lina kweli ndani yake, lakini ni nusu ya kweli. Busaa hutengenezwa kwa unga wa mahindi na kimea cha wimbi, na mnywaji hunywa pamoja na masazo ya nafaka na hamira. Kwa hiyo yamo ndani yake mabaki ya vitamini za jamii ya B. Chang'aa si hivyo. Chang'aa ni mvuke uliopozwa ukawa maji, na vitamini hazipandi pamoja na mvuke. Hubaki chini chunguni. Anayekunywa chang'aa hupata kileo kitupu. Wala asijidanganye anayekunywa busaa tu: akinywa kupita kiasi kila siku, milango ile minne huwa wazi kwake vilevile.

MAMBO WALIYOYAGUNDUA MADAKTARI

Mwaka 1881 daktari mmoja wa Ujerumani, Carl Wernicke, aliandika habari za wagonjwa watatu. Wote walikuwa wamechanganyikiwa, macho yao hayakugeuka vizuri, na walipotembea waliyumba. Wawili walikuwa wanaume waliozoea kunywa sana. Wa tatu alikuwa mwanamke kijana, mshonaji wa nguo. Ugonjwa wake haukutoka katika pombe. Alikuwa amemeza asidi kali, tumbo lake likaharibika, akawa hutapika kila alichokula. Miaka michache baadaye, kuanzia mwaka 1887, daktari wa Urusi, Sergei Korsakoff, alieleza habari za watu waliopoteza kumbukumbu, wengi wao wakiwa wanywaji.

Msomaji ataona kwamba habari ya yule mshonaji ni ya maana sana. Hakuna aliyeelewa wakati ule, lakini ugonjwa wake ulikuwa unaonyesha kwamba pombe si sababu peke yake. Jambo lililowaunganisha wagonjwa wale watatu lilikuwa chakula kisichofika mwilini.

Maelezo yake yalianzia mahali pa mbali, katika kisiwa cha Java. Huko, katika miaka ya 1890, daktari wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, aliona kwamba kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa walishikwa na ugonjwa wa miguu, wakashindwa kusimama. Walipopewa mchele wenye ngozi yake ya ndani, walipona. Ndipo ilipojulikana baadaye kwamba katika ile ngozi inayotupwa pamoja na pumba mna kitu ambacho mishipa ya fahamu haiwezi kuishi bila yake. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929 kwa kazi hiyo, na mwaka 1936 mtaalamu wa Marekani, Robert Williams, alifaulu kuitengeneza vitamini B1 katika maabara. Tangu hapo imekuwa dawa ya bei nafuu inayoweza kuwekwa katika sindano au kidonge.

DALILI ZA KUANGALIA

Jamaa wa mtu anayekunywa sana wapaswa kuzijua dalili hizi:

(1) Kuchanganyikiwa. Mtu hajui ni siku gani wala yuko wapi. Husinzia mchana, hajali kitu, na huuliza jambo lile lile mara kwa mara.

(2) Macho. Macho huchezacheza yenyewe, au hayageuki upande mmoja. Mgonjwa aweza kuona kitu kimoja kama viwili.

(3) Kuyumba. Hutembea akiitanua miguu kama mtu aliyesimama ndani ya mashua, hata siku ambayo hajaonja pombe.

(4) Ganzi au kuungua katika nyayo za miguu. Dalili hii yaweza kutangulia zile nyingine kwa muda mrefu.

Mtu asingoje mpaka azione zote pamoja. Wagonjwa wengi huonyesha moja au mbili tu.

Jambo linalowapoteza watu ni kwamba dalili hizi zafanana na ulevi wenyewe. Tuchukue mfano. Fundi mmoja wa kujenga nyumba amekunywa chang'aa kwa miaka kumi. Mwezi huu ameishi kwa chai ya rangi na kipande cha mkate. Jumatatu mkewe aona kwamba mumewe anapapasa ukuta aendapo msalani. Jumanne amwuliza mara tatu kama mama yake amekwisha kufika, na mama huyo alikufa zamani. Majirani wasema, "Mwacheni alale, amelewa." Lakini mkewe ajua kwamba hajanywa tangu Jumamosi, kwa kuwa fedha zimekwisha. Shemeji naye asema kwamba amerogwa, na kwamba apelekwe kwa mganga upande wa pili wa mto.

Kila siku inayopita katika mabishano hayo, ubongo wa fundi huyu unazidi kuharibika. Akifikishwa hospitali Jumanne ile ile na kudungwa sindano za vitamini B1, huenda macho yake yakaanza kutengenea kwa saa chache au siku chache, kisha akili yake, na miguu baada ya majuma kadhaa. Akiletwa mwezi ujao, kama bado yu hai, huenda akawa amekwisha kupata ule ugonjwa wa Korsakoff. Atazungumza vizuri na kuwatambua watoto wake wakubwa, lakini hatakumbuka alichokula asubuhi. Atakusimulia kwa ufasaha safari ya jana ambayo hakuisafiri, wala hatakuwa anasema uongo. Akili yake inajaza mapengo kwa vitu inavyoviokota. Baadhi ya watu wa namna hii hupata nafuu polepole, na wengine hawaponi kamwe. Maji yakimwagika hayazoleki.

AIBU ISIMFUNGE MTU MDOMO

Mgonjwa akifika hospitali, jamaa zake wamwambie daktari au mwuguzi waziwazi kwamba ni mnywaji, amekunywa kwa muda gani, na hajala vizuri tangu lini. Wengi huona aibu, wakasema, "Ana malaria tu." Aibu hiyo yaweza kumgharimu akili yake. Mtu aliyedhoofika sana aghalabu hutiwa maji ya sukari mshipani. Sukari ni dawa njema kwa aliyeishiwa nguvu, lakini kwa mtu asiye na vitamini B1 ni kama kutupa kuni mbichi juu ya makaa yanayokufa: akiba ndogo iliyosalia hutumika yote, na hali yake huzidi kuwa mbaya. Daktari akijua habari, atampa vitamini kwanza au pamoja na sukari, kwa sindano, maana matumbo ya mnywaji hayawezi kunyonya vidonge vya kutosha wakati wa hatari.

USIMFUNGIE NYUMBANI

Kuna jambo jingine ambalo lapasa kusemwa kabla hatujafika jikoni. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asikatishwe pombe kwa ghafla bila msaada wa daktari. Wako jamaa wenye nia njema ambao humfungia ndugu yao chumbani "mpaka pombe imtoke." Katika saa 6 hadi 24 za kwanza mtu huyo hutetemeka, hutoka jasho na moyo kumwenda mbio. Katika siku mbili za kwanza aweza kuanguka kifafa. Siku ya pili mpaka ya nne wengine huweweseka, wakaona wadudu na watu wasiokuwapo, na homa ikapanda. Hali hiyo ya mwisho huua. Madaktari wana dawa za kumtuliza mgonjwa kwa siku hizo, na kwa hiyo mtu mwenye dalili kama hizi, au aliyewahi kuwa nazo zamani alipojaribu kuacha, yafaa aachie pombe hospitalini.

Kadhalika mtu aliyekaa siku nyingi bila kula asipewe sahani kubwa siku ya kwanza. Mwili uliozoea njaa hushtuka ukipewa chakula kingi mara moja. Madini ya damu huvurugika, na moyo waweza kusimama. Yafaa aanze na uji mwepesi, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na aliyekonda sana aanzishiwe chakula hospitali. Haba na haba hujaza kibaba.

CHAKULA CHA MTU ANAYEACHA POMBE

Sasa tufike jikoni. Habari njema ni kwamba chakula kinachohitajiwa hakitoki mbali. Vyakula vyenye vitamini B1 kwa wingi ni maharagwe, kunde, mbaazi, njugu karanga, wimbi, mtama, na unga wa mahindi usiokobolewa. Mayai, samaki, maziwa na nyama huongeza protini na vitamini nyingine. Majani kama sukuma wiki, mchicha, kunde na mnavu yana vitamini iitwayo foleti, ambayo pombe huiondoa pia, nayo inahitajiwa katika kutengeneza damu.

Tuseme mtu amekwisha kupita zile siku za hatari, naye yuko nyumbani. Siku yake yaweza kuwa hivi:

Asubuhi: uji wa wimbi wenye maziwa, na ndizi moja au chungwa.

Saa nne: konzi moja ya njugu karanga.

Mchana: githeri ya mahindi na maharagwe pamoja na mboga za majani.

Saa kumi: kiazi kitamu kilichochemshwa, au kikombe cha maziwa ya mgando.

Jioni: ugali wa unga usiokobolewa, omena, na sukuma wiki.

Msomaji ataona kwamba mtu huyu anakula mara tano. Sababu ipo. Mwili uliozoea kileo hauwezi mara moja kutofautisha njaa na kiu ya pombe. Saa ile ambayo zamani mtu alielekea kilabuni, sasa huanza kutetemeka kidogo, hukasirika upesi, na kujisemea kwamba hana budi kunywa. Mara nyingine kinachomsumbua ni tumbo tupu. Kwa hiyo jamaa waangalie sana saa ile ya jioni, na chakula kiwe tayari kabla yake, kisiwe baada yake.

Aliyevimba tumbo au aliyegeuka macho kuwa ya manjano ana ugonjwa wa ini, na chakula chake kipangwe na daktari. Mtu yeyote aliyeumizwa ini na pombe ajihadhari hasa na mahindi na njugu zenye ukungu. Sumu inayotokana na ukungu huo huharibu ini. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za Ukambani na jirani zake kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Nafaka ikaushwe vizuri, na yenye ukungu isiliwe.

VITAMINI HUPOTEA CHUNGUNI

Mama wengi huongeza magadi katika maharagwe ili yaive upesi. Kuni ni ghali, na sababu yao yaeleweka. Lakini magadi huiua vitamini B1. Afadhali maharagwe yalowekwe katika maji usiku kucha. Maji hayo yamwagwe asubuhi, kisha maharagwe yachemshwe katika maji mapya, chungu kikiwa kimefunikwa. Hivyo yataiva kwa kuni chache. Maji yaliyopikia chakula yasimwagwe, kwa kuwa vitamini hii huyeyuka katika maji, yafanywe mchuzi.

Katika unga pia twapoteza mengi. Unga mweupe uliochekechwa unapendeza machoni, lakini kiini na ngozi ya hindi vimekwisha kuondolewa na kulishwa ng'ombe. Katika Kenya, sheria iliyowekwa mwaka 2012 yawataka wenye viwanda waurudishie unga wa mahindi na wa ngano wa paketi vitamini na madini, pamoja na B1. Kwa hiyo anayenunua unga wa paketi aangalie kwamba imeandikwa kuwa umeongezwa vitamini. Anayesaga mahindi yake mwenyewe kijijini asiyakoboe, naye atapata vitamini zilizo katika hindi lenyewe.

Faida ya jambo hili ilionekana katika Australia. Huko iliamriwa mwaka 1991 kwamba unga wa mkate uongezwe vitamini B1. Baadaye madaktari walipochunguza bongo za watu waliokufa, waliona kwamba alama za ugonjwa ule wa Wernicke zilikuwa zimepungua sana.

MAHINDI MATUPU NA WAZIMU

Vitamini B1 si ya peke yake. Iko nyingine ya jamii hiyo iitwayo niasini, na mtu akiikosa hupata ugonjwa wa pelagra. Ngozi inayopigwa na jua hubabuka, hasa shingoni na mikononi, mgonjwa huharisha, na mwisho akili yake huvurugika. Mwanzoni mwa karne ya 20, maelfu ya watu katika majimbo ya kusini ya Marekani walikuwa na ugonjwa huu, na wengi waliwekwa katika hospitali za wazimu. Watu walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Daktari Joseph Goldberger, aliyetumwa kuuchunguza mwaka 1914, aliona kwamba wauguzi waliokaa na wagonjwa hawakuupata, naye akatazama sahani badala ya vidudu. Mwaka 1915, katika jimbo la Mississippi, wafungwa 11 walikubali kula chakula cha mahindi na vitu kama hivyo tu, kwa ahadi ya kufunguliwa. 6 kati yao wakapata dalili za pelagra.

Ugonjwa huu si wa zamani tu. Mwaka 1990 karibu watu 18,000 kati ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliupata, baada ya njugu karanga kukosekana katika posho yao wakabaki na mahindi. Niasini iliyo katika mahindi imefungamana na vitu vingine hata matumbo hayawezi kuitwaa kwa urahisi. Mnywaji anayekula ugali na chumvi yumo katika hatari hiyo hiyo. Njugu, samaki, nyama na maharagwe ndivyo vinavyomkinga.

HUZUNI BAADA YA KUACHA

Watu wengi walioacha pombe hupatwa na huzuni kubwa katika miezi ya kwanza, na huzuni hiyo huwarudisha kilabuni. Je, chakula chaweza kusaidia hapo? Mwaka 2017 wataalamu wa Australia walitangaza habari za uchunguzi wao juu ya watu 67 wenye ugonjwa wa huzuni, wengi wao wakiwa wanaendelea na matibabu yao ya kawaida. Kikundi kimoja kilifundishwa kwa majuma 12 kula mboga, matunda, kunde za namna nyingi, nafaka isiyokobolewa, samaki na mafuta ya zeituni, na kupunguza vitu vitamu na vya kukaanga. Kikundi cha pili kilipata watu wa kuzungumza nao tu. Mwishoni, watu 32 katika kila 100 wa kikundi cha kwanza walikuwa wametokwa na huzuni ile, na 8 katika kila 100 wa kikundi cha pili. Uchunguzi huu ulikuwa mdogo, wala haukuwahusu watu wanaoacha pombe. Lakini haupingani na yale tuliyoyaeleza, na chakula walichopewa hakina tofauti kubwa na maharagwe, mboga na samaki wetu.

Mambo haya yawahusu pia wale wanaotumia vileo vingine. Miraa huondoa njaa na usingizi, kwa hiyo mlaji wake aweza kupitisha siku nzima bila chakula. Yafaa ale kabla ya kuanza kutafuna, na siku anayoacha ale na kulala kwa saa zake. Wanaotumia heroini katika miji ya pwani na Nairobi hukonda na kufunga choo. Kwao iko dawa ya methadoni, iliyoanza kutolewa katika kliniki za Kenya mwaka 2014, na kikombe hicho cha dawa hufanya kazi vizuri zaidi katika mwili unaopata maji, mboga na maharagwe.

CHAKULA PEKE YAKE HAKITOSHI

Hatutaki msomaji adhani kwamba sahani ya githeri humwondolea mtu utumwa wa pombe. Wako wafanya biashara wanaouza chupa za "kusafisha damu" na vidonge vya vitamini kwa bei kubwa, wakiahidi kwamba mlevi ataichukia pombe kwa juma moja. Hakuna vitamini ifanyayo hivyo. Chakula huuponya mwili ulioibiwa na kuipa akili nafasi ya kufikiri. Kazi iliyobaki hufanywa na daktari, na washauri, na wenzake walioacha kabla yake, na kwa azimio lake mwenyewe. Mwenye shida yaweza kumfaa aanzie zahanati iliyo karibu naye, ambako wataweza kumwelekeza hospitali kubwa. Tena NACADA, ambayo ni mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina nambari ya simu isiyolipiwa, nayo ni 1192.

Walakini katika kazi hii yote, sehemu ya chakula ndiyo ambayo jamaa na majirani wanaiweza hata kama hawakusoma udaktari. Mara nyingi mlevi huwa amekwisha kuwachosha watu wote. Mkewe amechoka kumwekea chakula ambacho hakiliwi, na ndugu zake wamesema, "Na afe na njaa kama ameipenda pombe." Hasira yao ina haki. Lakini njaa haimfundishi mlevi kuacha. Humwondolea ile akili ambayo kwayo angeamua kuacha. Kwa hiyo sahani yake na iendelee kuwekwa, yenye maharagwe yasiyotiwa magadi, na siku itakapoonekana kwamba anayumba hali hajanywa, asipelekwe kulala. Apelekwe hospitali siku ile ile.